Naomba ushauri: siku tatu kwenye miji ya kale ya milimani Japani, Takayama au Magome–Tsumago?

Mgosi_Kaya
Habari za humu wakuu. Nipo Nagoya kwa kozi ya miezi mitatu, mambo ya mabomba na maji, nimebakiza wiki tano nirudi Tanga. Tarehe 23 Novemba ni sikukuu huku, inaangukia Jumapili, kwa hiyo na Jumatatu yake tunapumzika. Nina siku tatu.

Sina haja ya Tokyo. Maghorofa nimeyaona ya kutosha. Nataka mji wa zamani wa mlimani, nyumba za mbao, ule wa kutembea kwa miguu. Mwalimu wetu anasema niende Takayama. Mama anayetupikia kantini ananong'ona Tsumago, kila nikipita na sahani yangu ananikumbusha.

Hofu zangu: sili nguruwe wala kitu chenye pombe. Nimesikia watu wanaoga uchi pamoja, na mimi hilo hapana. Kijapani changu kinaishia kwenye asante. Mfuko ni yen 40,000, kila kitu humo humo. Natanguliza shukrani.

Kipanga77
Magome? Mkuu, umetoka Tanga umevuka bahari kwenda kuangalia magome ya miti? Mimi nilijua unaelekea Magomeni.

Tembea_Uone
Achana na Kipanga. Nenda Takayama, usijiulize mara mbili. Treni ya Hida kutoka Nagoya ni kama saa mbili na nusu, inafuata mto kwenye mabonde, dirishani hutachoka. Ukishuka, mitaa ya kale ya Sanmachi unaifikia kwa miguu. Asubuhi kuna soko kando ya mto Miyagawa, akina bibi wanauza matofaa, kachumbari na miso, ile soya iliyosagwa na kuchachushwa. Kuna jengo la serikali la enzi za shogun, mtawala wa kijeshi wa zamani, linaitwa Takayama Jinya. Kuna magari ya tamasha yaliyochongwa mpaka unashangaa. Tamasha lenyewe ni Aprili na Oktoba, lakini machache yanaonyeshwa ukumbini mwaka mzima. Na siku ya pili unapanda basi dakika 50 hivi mpaka Shirakawa-go kuona nyumba za mapaa ya nyasi, urithi wa dunia tangu 1995. Mapaa yamesimama wima kama viganja vya mtu anayeomba dua, ili theluji iteleze. Paa likichakaa kijiji kizima kinapanda juu kuezeka, ni msaragambo kabisa.

Ila nauli ya treni hiyo inakaribia yen 6,000 kwenda tu. Na wikendi ya sikukuu utapishana mabega na watu.

Bi_Mkunazi
Mwanangu, mimi niko Japani mwaka wa tisa, nimeolewa huku, asili yangu Mombasa. Takayama ni pazuri, simpingi huyo ndugu. Lakini ni mji, una stesheni kubwa na hoteli za ghorofa. Ulivyoeleza wewe, unatafuta kijiji. Msikilize huyo mama wa kantini.

Magome na Tsumago zilikuwa vituo kwenye Nakasendo, njia ya zamani kutoka Edo, ndiyo Tokyo ya leo, mpaka Kyoto. Kilomita 530 na ushei, vituo 69 njiani, wapita njia wakilala, wakila na kubadilisha farasi. Reli ilipokuja ikapita bondeni kwingine, vijiji hivi vikasahauliwa, na kusahauliwa huko ndiko kulikoviokoa. Baina ya viwili ni kilomita 8, unatembea msituni saa tatu hivi kwa mwendo wa kuangaza macho.

Panda treni ya kawaida Nagoya mpaka Nakatsugawa, haifiki yen 1,500, kisha basi la nusu saa mpaka Magome. Anzia Magome, usianzie Tsumago. Magome iko juu zaidi, kwa hiyo mpando ni mfupi mpaka kwenye upeo wa karibu mita 800, halafu ni kuteremka tu. Begi lako lipeleke ofisi ya wageni ya Magome asubuhi, kabla ya saa tano na nusu, wanalisafirisha mpaka Tsumago kwa malipo kidogo. Huduma hiyo hufungwa mwisho wa Novemba, wewe umewahi.

Na jambo moja watu wetu husahau: huku Novemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na bondeni giza linatangulia. Usijifanye uko Tanga ukaanza safari saa nane mchana.

Mgosi_Kaya
Shikamoo mama. Hilo la jua sikulifikiria kabisa. Na chakula je? Na kuoga?

Bi_Mkunazi
Marahaba mwanangu. Chakula ndiyo kazi. Nguruwe kumkwepa ni rahisi, tatizo ni vilivyojificha. Mirin ni pombe ya mchele yenye utamu, inaingia kwenye mchuzi wa karibu kila kitu, hata mchuzi wa tambi za soba. Mwombe mwenzako darasani akuandikie karatasi ya Kijapani: sili nyama, sili pombe, mirin na sake hata za kupikia, samaki, mayai, mboga na wali nakula. Karatasi hiyo itumwe kwenye nyumba ya kulala siku kadhaa kabla, usiende kuitoa mezani. Hizi nyumba ni za familia, huitwa minshuku, mama mwenyewe ndiye mpishi na ameshanunua vitu vyake. Ukimshtukiza saa kumi na mbili jioni umemuaibisha mbele ya wageni wake. Ukimwambia mapema, atakuchomea samaki wa mtoni kwa chumvi tupu, atakukaangia mboga za mlimani, utakula ukalale.

Kuoga: nyumba ndogo nyingi zina bafu moja, mnaingia kwa zamu na mlango unafungwa kwa ndani. Uliza wakati wa kuweka nafasi. Lakini sikia, lile birika la maji moto si la kujisugulia. Unakaa kwenye kigoda pembeni, unajisafisha na sabuni, unajisuuza mpaka umetakata, ndipo unaingia kujiloweka. Maji hayamwagwi, anayekufuata anaingia humo humo.

Utapewa yukata, vazi la kulalia. Upande wa kushoto uje juu ya kulia. Ukigeuza umevaa kama maiti. Na ndara za chooni zinaishia chooni.

Kibla ni magharibi, ukipinda kidogo kaskazini.

Mhaya_wa_Pwani
Mkuu ukikuta wanauza inago usipite. Ni panzi wa kwenye mashamba ya mpunga, wanapikwa kwa soya na sukari, chakula cha mkoa huo wa Nagano tangu zamani. Nilipokula mara ya kwanza nilikaribia kulia, ni senene kabisa, isipokuwa wamewekewa utamu. Mjapani aliyenikaribisha alikuwa ameandaa kamera anipige picha nikikunja uso. Nikamaliza bakuli.

Bi_Mkunazi
@Mhaya_wa_Pwani soya na sukari, na mara nyingi na sake. Usimharibie mwenzako.

Seremala_wa_Zamu
Mimi ni fundi mbao, sijafika ila hayo mambo nimeyasoma sana, kwa hiyo nivumilieni. Bonde hilo la Kiso ndiko unakotoka hinoki, mti wa jamii ya 'cypress', mbao zake nyeupe na zinanukia. Enzi za watawala wa Owari mwananchi alikatazwa kuigusa. Msemo wao ulikuwa: mti mmoja, kichwa kimoja. Ukikata mti, unakatwa wewe. Watu waliishi ndani ya msitu wa mbao bora kuliko zote nchini na nyumba zao wakajengea miti mingine.

Sasa ukifika Tsumago ingia Waki-honjin Okuya, ilikuwa nyumba ya kulala wakubwa. Iliyopo ilijengwa 1877, utawala wa zamani umeshaanguka na marufuku imeondoka, basi mwenyewe akajenga kwa hinoki kuanzia chini mpaka juu. Mimi naiona ni nyumba ya mtu aliyesubiri muda mrefu. Kuna meko katikati ya sakafu, moto unawashwa kila siku, moshi umezipaka mbao rangi nyeusi. Msimu wa baridi jua huingia kwa dirisha la nondo za mbao, likakutana na ule moshi, likajipanga mistari. Angalia viungio vya nguzo na boriti, nipigie picha hapo, siyo picha za maua.

Na hekalu kuu la Ise, lile linalojengwa upya kila miaka 20, mbao zake zinatoka Kiso. Mti wa kwanza unaangushwa kwa shoka tu, mafundi wanakula shina kwa pande tatu mpaka linasimama kwenye vijiguu vitatu, kisha wanakata kimoja. Msumeno wa mota hauruhusiwi kusogea.

Ng'ambo_Yetu
Wallahi mie kilichonigusa Tsumago si nyumba. Natoka Mji Mkongwe, Unguja, nilipita kule nikiwa masomoni. Vijana wao walikuwa wanahama, nyumba zinaanguka, mwaka 1968 wakaanza kuzitengeneza. Baadae wenyeji wakakaa wakaandikiana: hatuuzi, hatukodishi, hatubomoi. Nyaya za umeme zimefichwa nyuma, gari mchana haziingii njia kuu. Siku ya mwanzo nimekaa kwenye kibaraza nahesabu, kwetu mtaani nyumba ngapi zilizobaki na wenyewe? Sikumaliza kuhesabu.

Lakini niseme na hili. Usiku pale ni kimya mno. Duka hakuna, mkahawa hakuna, saa kumi na moja watu washafunga. Ukitaka kuchangamka, nenda Takayama.

Tembea_Uone
Hapo mwisho umenisaidia.

Kipanga77
Nimesoma kwamba huko njiani kuna dubu. Hakuna aliyelitaja hilo, mnampeleka mwenzenu kimya kimya.

Bi_Mkunazi
Wapo. Njiani wametundika kengele kila baada ya mwendo, unazipiga dubu akusikie ajiondokee. Dubu hapendi kushtukizwa, kama wewe tu. @Mgosi_Kaya weka nafasi leo, usingoje kesho. Tarehe 23 Novemba kila mwaka Tsumago kuna maandamano ya wenyeji waliovaa kama wasafiri wa kale, kijiji kitajaa. Chumba na milo miwili ni baina ya yen 10,000 na 15,000 kwa kichwa. Na beba pesa taslimu, kadi huko usiitegemee.

---

Mgosi_Kaya
MREJESHO. Wakuu nimerudi jana usiku, miguu inauma, moyo mweupe.

Nilichagua Magome–Tsumago. Mama Bi_Mkunazi alikuwa sahihi, Jumamosi Tsumago nzima ilijaa, nikapata usiku wa Jumapili tu. Jumamosi nikalala Nakatsugawa kwenye hoteli ya bei nafuu karibu na stesheni, Jumapili nikawahi basi la asubuhi.

Magome ni mteremko mmoja wa mawe, nyumba kulia na kushoto, mlima Ena umesimama nyuma. Kijiji kiliungua 1895 kikaungua tena 1915, kwa hiyo nyumba nyingi si za kale sana. Wengine wote walikuwa wanapiga picha mlima, mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye mfereji. Msinicheke. Maji ya mlimani yanashuka pembeni ya njia kwenye mifereji ya mawe, mteremko mkali lakini maji hayachimbi wala hayamwagiki, kila baada ya hatua kadhaa wamekata kidato maji yapunguze kasi. Mtu mmoja alitoka nyumbani na ndoo, akachota, akamwagilia vyungu vyake, akanitazama, akarudi ndani. Nimepiga picha 31 za mfereji. @Seremala_wa_Zamu zako za boriti zipo, nakutumia.

Njiani kuna kibanda cha chai, mzee anakaribisha wapita njia, meko inawaka, chai haiuzwi, ukitaka unaweka chochote kwenye kisanduku. Aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akanyoosha kidole juu, akachora mlima hewani, akasema "Kilimanjaro", akanijazia kikombe tena.

Tsumago niliyakuta maandamano bado yanapita, watu ni wengi kama Jumamosi ya Kariakoo. Nikasema nimekosea, bora ningebaki Nagoya. Kufika saa kumi mabasi yakaanza kuwachukua. Saa kumi na moja na nusu nilitoka nje nimevaa yukata na koti juu, kushoto juu ya kulia, na njia yote ilikuwa yangu na paka mmoja. Taa za karatasi, giza, na maji yanasikika upande wa nyuma wa nyumba. @Ng'ambo_Yetu ni kimya kweli. Mimi kimenifaa.

Chakula walikuwa wamesoma karatasi. Samaki wa chumvi, uyoga, wali, na mama mwenye nyumba alikuja na chupa ya soya aliyoinunua kwa ajili yangu, akanionyesha kwa kidole mahali palipoandikwa haina pombe. Sikujua niseme nini, nikainama mara tatu.

Sasa aibu. Katikati ya chakula nikaenda chooni, nikarudi, nikaketi. Nikaona wageni wawili wa Kijapani wanatazama sakafu kwa adabu kubwa. Nikafuata macho yao. Ndara za chooni, rangi ya kijani, zipo miguuni mwangu juu ya mkeka. Mama mwenye nyumba alizichukua bila neno, akatoka nazo, na huko jikoni nikasikia vicheko vya watu kama watatu.

Bafu ni birika la hinoki, mlango unafungwa. @Seremala_wa_Zamu harufu ya ile mbao kwenye mvuke sina namna ya kukuelezea, nenda tu.

Jumla nimetumia yen 31,000 na ushei, pamoja na zawadi ya mama wa kantini.

Kipanga77
Na dubu?

Mgosi_Kaya
Sikumwona. Lakini kengele nilizipiga zote, kwa nguvu zote, hata ile ya mwisho iliyokuwa hatua chache kutoka mlango wa mtu. Akatoka bibi na ufagio kuangalia kuna nini.