Naomba ushauri: shule imemkataa binti yangu kiziwi

Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka minane. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na mitatu, akapoteza usikivu. Sikio la kushoto linasikia kidogo, tena ukimsogelea.

Darasa la kwanza alikalishwa dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha. Mwalimu anaandika ubaoni huku anaongea, mgongo kwa wanafunzi, na mtoto wangu anategemea midomo! Madaftari yake yamejaa mistari ya kunakili kwa jirani, mpaka jina la jirani kanakili. Sasa mwalimu mkuu kaniambia nimtoe, nimpeleke bweni la viziwi mkoa mwingine. Sipingi shule za viziwi, lugha ya alama anaihitaji sana. Ila nauli na kumwacha mbali umri huu, moyo unakataa.

Nimesoma kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu, na ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inayogusia elimu. Kwa vitendo je? Shule ya serikali inaweza kumkataa kwa mdomo tu? Nidai barua? Nianzie kwa ofisa ustawi wa jamii, au ofisa elimu maalumu wa halmashauri?

Waliowahi kusaidiwa na CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), walifanya nini hasa? Shule zinafunguliwa wiki ijayo.