Mjadala: Halloween ya watoto ichezwe palipoishi watumwa?

Mtoa mada:
Wadau, hodi humu. Kila Oktoba, msimu wa Halloween, sikukuu ya kujivika mazimwi na kuchonga maboga, hapa Sleepy Hollow, mji mdogo kando ya mto Hudson kaskazini mwa jiji la New York, watoto hutuvuta mikono twende Philipsburg Manor, shamba la kale lenye kinu ambalo sasa ni makumbusho, kumwona Mpanda Farasi Asiye na Kichwa. Ni askari wa kukodiwa kutoka Ujerumani aliyeng'olewa kichwa na mzinga katika Vita vya Uhuru vya Marekani. Usiku hutoka kaburini kukitafuta. Mwandishi Washington Irving aliichapa hadithi hiyo mwaka 1820, na mwaka 1996 mji wenyewe, uliokuwa North Tarrytown, ukachukua jina lake.

Hadithi sina ugomvi nayo. Nimekulia kwenye mazimwi, bibi akipunguza koroboi makusudi ili tusogeleane. Ugomvi wangu ni uwanja. Pale palikuwa pa ukoo wa Philipse, wafanyabiashara wa watumwa, ambao miaka ya 1690 biashara yao ilifika mpaka Madagaska, Bukini ya wazee wetu. Adolphus Philipse alipofariki mwaka 1750, orodha ya mali yake ilihesabu Waafrika 23, watoto wakiwemo, pamoja na mifugo.

Mwaka jana mwanangu alikaa karibu na kinu cha maji, kavaa nguo iliyochorwa mifupa, anakula andazi, sukari imejaa kidevuni. Nyuma yake gurudumu limelowa. Nilikwishatoa simu nimpige picha, nikairudisha mfukoni. Waliosaga ngano pale walikuwa watu wa kuhesabiwa na ng'ombe.

Mimi nasema mzimu uchezwe mjini, kinu kiachwe. Nyie mwasemaje?

Mchangiaji wa Yonkers:
Dada, nakuelewa, lakini siku nyingine za mwaka ni palepale panapofundishwa utumwa bila kuficha. Huku kaskazini wengi hudhani utumwa ulikuwa wa kusini tu, ilhali New York ulikoma tarehe 4 Julai 1827. Mtoto anayekuja kwa boga leo, kesho atarudi na shule. Ukiondoa Oktoba, nani atawaleta?

Mchangiaji wa pili:
Halloween yenyewe ni ya shetani. Mpeleke mtoto kanisani.

Mchangiaji wa Unguja:
Shoga, kanisa la Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mtu akija na mazimwi ya watoto mle, mtaa mzima utatoka. Ila Forodhani, bustani ya ufukweni isiyo mbali kwa miguu, watoto wanachezea kila jioni na hakuna anayewakataza. Mpaka upo, na kila mtu anaujua bila kuandikiwa.

Mtoa mada:
Wa Unguja, huo mpaka ndio ninaoutafuta, na huku haujulikani. Kaka wa Yonkers, umenigusa hapo pa shule, hilo sikulipima. Basi nasogea: farasi abaki, lakini kabla hajatoka, majina yasomwe langoni, watoto wakiwa na maboga yao mkononi. Yameandikwa kwenye orodha hiyohiyo ya 1750. Mmoja aliitwa Caesar. Majina 23 hayamalizi dakika mbili. Nitaandika barua wiki hii, na anayekaa bonde la Hudson akitaka kutia saini aseme hapa. Wa shetani, nimekusoma, ila swali langu ni la kinu.