Naomba ushauri: kupandikiza mfupa wenye mshipa wake wa damu mguuni

Habari zenu ndugu, wakubwa shikamooni. Niko Mikindani, Mtwara, nauliza kwa ajili ya mdogo wangu. Alianguka mnazini, mfupa wa talasi (ule unaokaa juu ya kisigino, ndani ya kifundo) ukavunjika. Alifungwa skrubu, baadaye akawekewa kipande cha mfupa kutoka nyongani. Haujaunga, na picha zinaonyesha sehemu imekufa kwa kukosa damu. Sukari hana, sigara kaacha kwa mbinde.

Sasa ameelezwa upasuaji wa kuchukua mfupa upande wa ndani wa goti pamoja na mshipa wake, kisha mishipa inaungwa mguuni kwa darubini ili mfupa ufike ukiwa hai. La sivyo, kifundo kigandishwe moja kwa moja. Kwa mkwezi wa minazi, hiyo ni kumfuta kazi.

Je, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) au kwingine nchini upasuaji huu unafanyika, na rufaa ya kutoka huku ianzie wapi? Na kwa aliyefanyiwa: goti lililotolewa mfupa lilikusumbua baadaye?