Picha moja ya buabua, majibu kumi ya uhakika. Mnatuharibia rekodi za ndege!

Wakuu, leo nina hasira na sitazificha.

Juzi niliweka picha ya buabua, ndege wa majini, amesimama ufukweni, nikauliza: hirundo au paradisaea, yaani yupi kati ya spishi hizi mbili za buabua zinazofanana sana? Dakika mbili hazijaisha, mjuzi wa kwanza kashajibu: "Paradisaea huyo, huoni miguu ilivyo mifupi?" Wa pili akaunga mkono, wa tatu akathibitisha. Programu ya simu ya kutambua ndege nayo ikatoa jina lilelile bila kusita. Nikaamini, mjinga mimi.

Jioni nikapitia picha zilizobaki kwenye kamera. Katika ya nne ndege kashapanda juu ya jiwe, na miguu imerefuka! Kumbe mwanzo alikuwa amezama nusu ya miguu kwenye mchanga tepetepe. Na ncha nyeusi ya mdomo, iliyokuwa imemezwa na kivuli, sasa inaonekana wazi. Hirundo mtupu.

Halafu kuna hawa wa "mdomo mwekundu wote, basi paradisaea". Hiyo ni kwa ndege mzima wakati wa kuzaliana tu. Msimu ukipita wote wawili wana mdomo mweusi na paji jeupe, utasema nini? Tena hirundo wa Siberia ya mashariki ana mdomo mweusi hata akiwa kwenye kiota. Mkia mrefu nao msinitajie: manyoya yale hukatika.

Tazameni bawa, jamani. Kwa chini, paradisaea ana mstari mweusi mwembamba, kama uliochorwa kwa kalamu, kwenye ukingo wa nyuma wa manyoya ya nchani. Wa hirundo ni mpana na umefifia kama wino uliomwagikiwa maji. Akiwa dhidi ya jua, manyoya yote ya kurukia ya paradisaea hupitisha mwanga; kwa hirundo ni kidirisha kidogo tu katikati ya bawa. Kwa juu, hirundo mwishoni mwa msimu ana alama nyeusi yenye umbo la kabari, kwa sababu manyoya ya nje yamezeeka kuliko ya ndani. Paradisaea hubadilisha yake huko kusini mwa dunia, kwa hiyo bawa lake lina rangi moja.

Lakini hata hayo picha huyaua. Ndege mweupe, mwanga umezidi kidogo, ule mstari umepotea wote kwenye weupe. Ukiikata picha na kuongeza rangi ndiyo umemaliza kabisa. Nimeona hirundo wa watu akigeuzwa dougallii, buabua wa spishi nyingine kabisa, kwa mtindo huo.

Waingereza waliozeeka na darubini shingoni huandika "commic" kwenye daftari, yaani mmoja kati ya hao wawili, na hawaoni aibu. Nyie mnaona aibu ya nini?

Rekodi yangu ya ndege huyo mpaka leo inasomeka paradisaea, imethibitishwa na watu watatu. Nimeomba irekebishwe mara mbili, kimya. Mliothibitisha mpo humu, nendeni mkaondoe majina yenu.