Mjadala: Kila anayefanya kazi na nyuki apimwe damu?

Mrina asali:
Wakuu, nimebishana na mfugaji mwenzangu mpaka moshi ukazimika mkononi. Yeye anataka kila anayesogelea mzinga apimwe damu kwanza, na atakayeonekana na mzio akae pembeni. Mimi nimemkatalia.

Kipimo anachokipigania ni cha IgE, kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya sumu ya nyuki au nyigu. Watu wengi wanazo, na wakidungwa wanavimba kidogo tu. Sisi wafugaji ndio usiseme. Halafu wingi wake hauonyeshi ukali. Mwenye kiwango cha chini anaweza kuanguka chini, na wa juu akatoa mwiba kwa ukucha akaendelea kurina. Sasa hiyo karatasi itamwambia nani nini?

Mama wa wawili:
Kaka, maneno mazuri, ila wengi wa wanaokufa kwa kudungwa hawakuwahi kupata shida kubwa kabla. Kwa hiyo ukisema tungoje mtu adhurike ndipo apimwe, wengine hawatapata nafasi ya pili. Bora hofu ya bure kuliko matanga.

Wa maabara:
Mnagombania kipimo kimoja na kuacha kingine. IgE inasaidia kujua ni mdudu gani, nyuki au nyigu, basi. Anayetaka fununu ya ukali aangalie triptesi, kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za masti, zile seli za kinga zinazoanzisha mzio, na kumwagika zinapochochewa. Mtu akiwa mzima, kwa kawaida huwa karibu nanogramu 5 kwa mililita. Kadiri kiwango hicho cha siku za kawaida kinavyopanda, ndivyo hatari ya mshtuko mkali inavyoongezeka. Kikipita 20, daktari huanza kuwaza mastositosisi, yaani seli hizo kuzaliana kupita kiasi. Na si kila kiwango cha juu ni ugonjwa, kuna waliorithi nakala za ziada za TPSAB1, jeni inayotengeneza triptesi.

Kinachoniudhi ni namna majibu yanavyosomwa. Mtu kaletwa presha imeshuka, damu ikatolewa ndani ya saa mbili, triptesi 10. Fomu inasema mwisho wa kawaida ni 11.4, basi anaambiwa hana kitu. Apimwe tena akishatulia, baada ya siku moja au zaidi. Tuseme inatoka 6. Kanuni ya kujua kama ilipanda wakati wa tukio ni hii: kiwango cha kawaida zidisha kwa 1.2, ongeza 2, unapata 9.2. Ile 10 ya mwanzo imevuka hapo. Seli zilichochewa kweli, na fomu ikamruhusu arudi nyumbani mikono mitupu.

Mrina asali:
Hapo umenipata, mkuu. Aliyewahi kuzidiwa apimwe triptesi, sipingi, hasa yule aliyeanguka bila hata vipele, maana nasikia hao ndio wa kuwatilia shaka zaidi.

Dada, hoja yako nimeielewa. Lakini IgE ya kila mtu haiwezi kumchomoa huyo mmoja kati ya wengi waliopatikana nazo. Kitakachomwokoa ni sindano ya adrenalini iliyopo palepale, na mtu anayejua kuipiga kwenye msuli wa paja bila kusubiri kuona kama hali itatulia.

Mama wa wawili:
Na asiye na hiyo sindano? Mwanangu wa pili alidungwa mguuni wiki mbili zilizopita. Nikaambiwa ni uvimbe wa kawaida.

Mrina asali:
Ulivimba mguu mzima?

Mama wa wawili:
Mguu kidogo. Ilikuwa midomo, na sauti ikawa kama imekwama. Ikapita yenyewe.

Wa maabara:
Dada, simama hapo. Kadungwa mguuni, midomo ikavimba na sauti ikakwama, huo si uvimbe wa kawaida. Wewe humo kabisa kwenye ubishi wetu wa kupima watu wazima wasio na historia. Mtafutie daktari wa mzio, apimwe IgE na triptesi. IgE ikitoka hamna, irudiwe wiki nne hadi sita tangu adungwe, kwa sababu mapema namna hii inaweza kujificha. Uliza pia kuhusu adrenalini ya kukaa nayo, na kuhusu tiba ya kumzoesha sumu kidogo kidogo. Huchukua miaka 3 hadi 5, lakini inafanya kazi.

Mama wa wawili:
Nampeleka kesho asubuhi.