Mashine ya kutafutia samaki: 50 kHz au 200 kHz?

Kaskazi78: Wadau, nataka mashine ya kutafutia samaki, boti yangu ni ya faiba. Muuzaji ana mbili: moja ya 200 kHz, nyingine ya 50 kHz ambayo bei yake imezidi kidogo. Nichukue ipi?

Fundi_Transdusa: Hujasema unavua ziwani au baharini, wala kina gani. Bila hayo tunabahatisha tu.

Chewa_Mwamba: 200 tu, hakuna mjadala. Masafa makubwa, yaani kHz nyingi, mitetemo mingi ya sauti kwa sekunde, husafiri kasi zaidi, mwangwi unarudi upesi.

Fundi_Transdusa: Hapana ndugu. Masafa yanatoka kwenye mashine, lakini kasi inatokana na maji: kama mita 1,500 kwa sekunde, iwe 50 au 200. Kinachobadilika ni urefu wa wimbi. 200 kHz ni mitetemo 200,000 kwa sekunde: gawa 1,500 kwa 200,000 upate milimita 7.5, gawa kwa 50,000 upate milimita 30. Wimbi fupi linaruhusu mdundo mfupi na mwale mwembamba wa sauti, ndiyo maana 200 inamtenga samaki na mwamba aliouegemea.

Kaskazi78: Samahani wakubwa. Ni baharini, mkondo wa Pemba, mita 30 hadi 60. Natafuta changu na chewa.

Bahari_Kuu: Hapo 200 inatosha. Ukitoka nje ya miamba, sakafu inaporomoka mamia ya mita, utaililia 50. Magnesiamu salfeti ya maji ya bahari inanyonya masafa makubwa haraka. Ila 50 ina mwale mpana: wa nyuzi 45, kwenye mita 40, unafunika duara la mita 33. Wa nyuzi 12, kama wa 200, ni mita 8 tu. Samaki unayemwona kwenye 50 huenda hayupo chini yako kabisa.

Chewa_Mwamba: Sawa, kasi nimekubali. Lakini sauti ikipita kwenye faiba masafa si yanabadilika?

Fundi_Transdusa: Hayabadiliki. Kasi inabadilika, na urefu wa wimbi unaifuata. Adui ni hewa. Wengi hugundisha transdusa, kile kifaa kinachotoa sauti na kupokea mwangwi, ndani ya boti kwa silikoni. Povu linabaki katikati, sauti inarudi hapohapo, skrini inajaa ukungu au kina kinarukaruka, kisha lawama zinaiangukia mashine. Tumia epoksi isiyo na povu. Kabla ya kugundisha, mwaga maji kidogo sakafuni, shikilia transdusa humo, ulinganishe kina na kamba yenye risasi. Faiba yenye sponji katikati haipitishi. Hapo funga nyuma ya boti, mbali na mapovu ya panga la injini.

Bahari_Kuu: Akilinganisha na kamba ajue maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 yanapitisha sauti karibu mita 1,540 kwa sekunde. Mashine inayohesabu kwa 1,500 itasoma mita 40 kama 39.

Chewa_Mwamba: Mita moja kwa chewa si kitu.

Bahari_Kuu: Kwa nanga ni kitu.

Kaskazi78: Na zile zenye masafa yote mawili?

Fundi_Transdusa: Nzuri, lakini muulize wati ngapi, na betri yako ni ya ukubwa gani?