Tupeane uzoefu: DJ hodari anaijaza klabu kweli, au tunawasifu bure?

Mnywaji wa Kongowea (mleta mada)
Wana Mombasa, habari za jioni. Binamu yangu anafungua klabu Bamburi kabla ya Desemba. Pesa zimemwishia kwenye taa na makochi, na sasa anasema DJ si lazima: kijana wa kaunta atabonyeza nyimbo kwenye laptopu, au achukue DJ mchanga wa mtaani kwa elfu mbili kwa usiku. Mimi naona anajitia kitanzi, ila mimi si mtu wa biashara hiyo, ni mteja tu. Mliofanya kazi humo ndani, hebu semeni mliyoyaona. Nitampelekea yote.

Mama Kaunta
Nimeuza vinywaji Mtwapa, sasa niko Nyali. Sisi wa kaunta tunamjua DJ kwa droo ya pesa. Asiyeijua kazi hupiga ngoma za kurusha watu kuanzia saa tatu hadi saa saba bila kupumua. Ukiwa mgeni utasema leo kumewaka. Lakini mtu anayecheza hashiki glasi, na akichoka hutoka nje kupunga upepo, ndiyo basi tena, bodaboda zinamsubiri. Aliyeiva huwachezesha nyimbo nne tano kali, kisha huteremsha polepole, aweke rhumba au bongo fleva ya mapenzi. Hapo watu hurudi mezani na jasho na kiu, wasichana wangu wanakimbia na trei. Baada ya robo saa anawainua tena. Mmoja niliyefanya kazi naye alikuwa akinitupia jicho kwanza: nikimwashiria kwamba foleni imenilemea, anawavuta watu wakacheze nipumue. Sasa hiyo laptopu itanitupia jicho gani?

Hedifoni Moja
Mama umesema kweli tupu. Mimi ni DJ, niongeze ya upande wetu. Ijumaa ya Mombasa ina watu wa namna mbili. Mapema ni wenyeji: vijana wa bandarini waliotoka shifti, akina dada wa chama, wazee wawili watatu wenye meza yao. Wabara waliokuja na treni ya mchana hufika stesheni ya Miritini usiku, wapite hotelini waoge, kwako wanaingia saa tano na kuendelea. Ukimwaga amapiano zako zote saa tatu, saa sita utapiga nini?

Halafu kuunganisha. Amapiano hukaa kwenye mapigo 110 hadi 115 hivi kwa dakika, house inapita 120, reggae iko chini kabisa. Ukimrusha mtu kutoka reggae hadi house kwa mkupuo mmoja anasimama katikati akikutazama. Lazima upite mahali, mimi hupitia dancehall.

Na jamani, lingala! Wimbo unaanza kwa upole, mashairi yanakwenda, wazee wanasubiri sebene pale mwishoni magitaa yanapochachamaa. Mtoto wa elfu mbili anaukata kabla sebene haijaingia kwa sababu kwenye simu yake husikiliza dakika moja tu ya kila wimbo. Nimeona meza nzima ya wazee ikiitisha bili kwa ajili hiyo. Na wale ndio wanunuzi wa chupa kubwa.

Mzee wa Tudor
Kwa sebene nakuunga mkono, mwanangu. Ila mnamsifu DJ kana kwamba yeye ndiye anayeosha choo. Mimi nimehama klabu nyingi, na DJ hakuwa sababu hata mara moja: ni maji kutoka bombani, ni bia ya moto, ni bausa mwenye mdomo. Binamu aanzie hapo.

Mlango wa Nyuma
Shikamoo mzee. Hayo ya bausa naomba unisamehe kwa niaba ya wenzangu 😂. Lakini mimi ninayekaa mlangoni naona kitu wengine hawaoni: saa ya kufunga. DJ mbaya anazima ghafla wimbo ukiwa juu, taa zinawashwa, watu wamepandwa na mori wote wanamwagika mlangoni pamoja. Hapo ndipo ugomvi huzuka, nani kamkanyaga nani, tuktuk hii ni ya nani. Anayejua huanza kushusha nusu saa kabla, tunawatoa wawili wawili wakiimba.

Pia stima. Ilipotea Jumamosi moja klabu ikiwa imejaa pomoni. Jenereta ikakawia. Yule DJ akashuka na ngoma ya mkono iliyokuwa ukutani kama pambo, akapiga chakacha, akina mama wakafunga leso viunoni. Umeme uliporudi hakuna aliyekuwa ameondoka.

Jirani wa Kisauni
Kwa upande wetu tunaolala jirani: DJ mjuzi hata sisi tunamjua. Besi hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba, na klabu nyingi hapa hazina hata ukuta, ni makuti. Mmoja hapa kwetu hupunguza besi ikifika saa nane, na adhana ya alfajiri humkuta ameshazima. Aliyemtangulia alikuwa akishindana na muadhini. Majirani walipeleka malalamiko NEMA, ile mamlaka ya mazingira, kanuni za kelele zipo tangu 2009, na klabu ikafungwa mwezi mzima. Hesabu mwenyewe elfu mbili zile ziliokoa nini.

Hedifoni Moja
Na spika pia. Taa nyekundu kwenye mixa ikikaa inawaka, sauti inakatika makali na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaungua. Asiyejua akisikia sauti imeharibika anaongeza tena! Ukichanganya na hewa yetu ya chumvi inayokula nyaya, vyombo vya binamu havimalizi mwaka.

Meneja Mstaafu
Nyongeza fupi. Muulize DJ mwezi wa Ramadhani atafanyaje. Wenyeji wengi hawaji, wanaobaki ni watalii na wabara, na nje unapaswa kuwa na staha. Asiye na jibu bado hajaijua Mombasa.

Mnywaji wa Kongowea (mleta mada)
Asanteni sana. Amesoma. Mzee wa Tudor, fundi wa bomba anaitwa kesho. Sasa anasema atawajaribu madijei watatu, kila mmoja Ijumaa yake. Anauliza: usiku wa majaribio hulipwa?

Hedifoni Moja
Hulipwa. Nusu kabla ya kuunganisha waya, na chakula.

Mama Kaunta
Na awaweke Ijumaa za mwisho wa mwezi zote, si mmoja apewe wiki ya mishahara na mwingine apewe tarehe kumi na tano halafu waseme hajui kujaza. Asiangalie nani alishangiliwa, asubuhi aje aitazame droo.